Mwanahawa Wawili, Nafasi Moja

Waliofanya kazi na Naima Abubakari watakuambia kwamba ni binti mpole. Wamekosea. Naima ana hasira za karibu tangu utotoni, ila alilelewa na shangazi ambaye hakuruhusu mtoto kununa mbele ya chakula, basi akajifunza kuzimeza. Jumatano ile ya kambi ya macho alizitoa zote hadharani, na mimi ninayesimulia sioni kama alikosea hata chembe. Kama alikosea, alikosea kwa kuchelewa.

Kwao ni Kolo, kule Kondoa, ambako wageni huja kutazama michoro ya kale kwenye miamba na wenyeji wanaendelea na mbaazi zao. Mama yake alifariki Naima akiwa na miaka minne, baba akawa mtu wa safari zisizokwisha, na mtoto akabaki mikononi mwa shangazi yake, Mwanahawa Halfani Abubakari. Hapo lazima nisimame kidogo, maana ukitaja jina hilo pale Kolo mtu atakuuliza, yupi?

Babu yake Naima, mzee Halfani, alikuwa na wake wawili, na mama yake mzee Halfani aliitwa Mwanahawa. Katika ukoo wao binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, na kila mke ana binti wake wa kwanza. Mke mkubwa akazaa, akamwita Mwanahawa. Miaka tisa baadaye mke mdogo naye akapata binti, na nani angethubutu kumnyima jina la mkwewe? Akamwita Mwanahawa. Baba mmoja, babu mmoja, majina matatu yanayolingana yote. Nyumbani hapakuwa na shida. Mmoja alikuwa Mwanahawa Mkubwa, mwingine Mwanahawa Mdogo, na hakuna hata kuku aliyewahi kupotea kwa sababu hiyo.

Mwanahawa Mkubwa ndiye aliyemlea Naima. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno ya kuhesabika. Mbegu zake alizitunza darini kwenye vibuyu, kila mbegu na kibuyu chake, na mbegu za msimu mpya hazikumwagwa ndani ya kibuyu mpaka yeye mwenyewe atie mkono aone kama cha zamani kimekwisha. Ole wako umimine bila kuangalia. Naima aliwahi kumimina uwele mpya juu ya ulezi, na kisa hicho anakikumbuka mpaka leo kwenye mapaja yake.

Kwa hiyo alipofika chuo kikuu hapa Dodoma, na mwalimu wa programu akaanza kueleza vyombo vya kuhifadhia data, Naima hakuhangaika kama wenzake. Lugha ya Java huja na vyombo vyake tayari. Huvitengenezi, unavichukua tu na kuvitumia. Kuna List, yaani orodha, ambayo hupokea kila unachoingiza kwa mpangilio uleule, hata kama kinajirudia. Kuna Set, ambayo hukataa kitu kilichokwisha kuwamo. Na kuna Map, ambayo kila kitu hukaa chini ya ufunguo wake, ukitaja ufunguo unakipata papo hapo bila kupekua. Map ni tamu. Kijana akishaijua huitumia kwa kila jambo, kama mtu aliyenunua panga jipya anavyotafuta cha kukata.

Ila Map ina tabia moja. Ufunguo mmoja hubeba kitu kimoja. Ukiingiza kitu kipya chini ya ufunguo uliokwisha kutumika, cha zamani kinatolewa na kipya kinakaa mahali pake. Hakuna kelele, hakuna onyo. Tena kile kilichotolewa hurudishwa kwako, kama mtu anayekunyooshea mkono akisema chukua hiki nilichokiondoa, usipokipokea kinapotea. Mwalimu aliisema habari hiyo mara moja, akaendelea na mengine. Naima aliiandika na kuipigia mistari miwili.

Alipomaliza chuo aliajiriwa na kampuni ndogo ya mifumo ya kompyuta iliyopanga vyumba vitatu ghorofani pale mjini. Mwenye kampuni na mkuu wa programu alikuwa mtu mmoja, Methusela. Ningependa kusema Methusela alikuwa mjinga, hadithi ingekuwa fupi. Hakuwa mjinga. Alikuwa mwerevu, mwepesi, mzungumzaji, na mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kusimama darasani jina lake likaitwa wakaitika wawili. Kina Methusela hawapatikani mara kwa mara.

Kazi iliyokuja ilikuwa ya kambi ya macho. Shirika moja la hisani lilikuwa linaleta madaktari wa upasuaji kwa siku sita, Jumatatu mpaka Jumamosi, kuwatoa wazee mtoto wa jicho. Wahudumu wa afya walikuwa wamezunguka vijijini, Mvumi, Haneti, mpaka kwao Naima huko Kolo, wakajaza fomu za karatasi. Kila fomu ilikuwa na namba nyekundu pembeni, dole gumba la mgonjwa chini, na katikati jina, umri, jicho linalopasuliwa na kipimo cha lenzi itakayowekwa. Fomu zilikuwa mia nne kumi na mbili. Zote zikachapwa kwenye faili moja. Kampuni ilitakiwa itengeneze mfumo utakaosoma faili hilo na kutoa orodha: nani afuatwe na basi siku gani, nani apasuliwe jicho gani.

Methusela aliamua wagonjwa wakae kwenye Map, na ufunguo uwe majina matatu ya mgonjwa. Naima aliona mstari huo asubuhi ya kwanza, akainuka, akaenda mpaka mezani kwake.

“Bosi, majina yatagongana.”

“Majina matatu? Yagongane wapi?”

“Vijijini kwetu watu wanarithishana majina. Mimi nina mashangazi wawili, wote ni Mwanahawa Halfani Abubakari. Mmoja wa mke mkubwa, mmoja wa mke mdogo.”

Methusela alicheka mpaka akavua miwani. Aliwaita na wenzake waje wasikie. “Hiyo ni familia yako, Naima. Hatuwezi kuandika code kwa ajili ya familia yako.”

“Basi tutumie namba ya fomu kama ufunguo. Zile namba nyekundu hazijirudii.”

“Bibi wa miaka sabini atakumbuka namba ya fomu getini? Jina lake analijua. Getini tunataka akitaja jina, mashine imlete hapohapo.”

Hoja hiyo ilikuwa na akili, na Naima hakubisha. Alisema, “Sawa, basi kila jina libebe List. Wakiwa wawili, wakae wawili.”

“Unaleta ugumu pasipo sababu. Deadline ni Ijumaa.” Akavaa miwani yake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Naima alirudi kwenye kiti chake akameza. Ijumaa faili likapakiwa. Mistari iliyosomwa: mia nne kumi na mbili. Wagonjwa waliomo kwenye mfumo: mia tatu sabini na wanne. Namba hizo mbili zilikaa kwenye skrini, moja juu ya nyingine, na Naima alimtazama bosi wake akiamini kwamba sasa ameona. Methusela alizifuata namba zote mbili kwa kidole. Kisha akapiga meza kwa furaha.

“Hewa!” alisema.

Neno hilo hakuna asiyelijua katika mji huu wa maofisi. Mfanyakazi hewa ni yule aliyeko kwenye karatasi na hayuko duniani, na anayemgundua husifiwa. Methusela alikuwa ameshapata wagonjwa hewa. Alieleza kwamba wahudumu wa vijijini wamewaandika watu mara mbilimbili ili idadi ionekane kubwa, na mfumo wake umewanasa. Ushahidi wake ulikuwa nini? Hakuna. Hakufungua hata fomu moja. Angefungua moja tu angekuta umri tofauti, jicho tofauti, dole gumba tofauti.

“Andika kwenye ripoti,” alimwambia Naima. “Wagonjwa hewa walioondolewa, thelathini na nane.”

“Umewaangalia?”

“Andika.”

Na Naima aliandika. Hapo simtetei. Mkataba wake wa majaribio ulikuwa umebakiza wiki tano, na alijiambia kwamba huenda baadhi yao kweli wameandikwa mara mbili. Aliandika kwa vidole vyake mwenyewe, akaikoleza mistari hiyo wino kama alivyoambiwa, na ripoti ikaenda kwa shirika. Shirika likajibu kwa pongezi. Wiki hiyo hakuwapigia simu Kolo. Shangazi yake alikuwa na mtoto wa jicho mwaka wa tatu sasa, na kila Naima alipomsihi aje mjini apasuliwe alijibiwa kwamba kisu hakitagusa jicho lake akiwa hai. Kwa hiyo wazo kwamba Mwanahawa Mkubwa angekuwa kwenye faili lile halikumpitia kabisa.

Kambi ilifunguliwa mwezi mmoja baadaye, Jumatatu, kwenye kituo kimoja cha afya nje kidogo ya mji. Naima alipelekwa akae na kompyuta karibu na geti, mitambo isije ikagoma. Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Wazee waliingia wakishikwa mikono, wakatoka kesho yake wakitembea wenyewe, wengine wakicheka kwa sababu wameona kwamba wake zao wamezeeka.

Jumatano, saa nne asubuhi, lilifika basi la Kondoa. Naima alikuwa chumba cha ndani anahangaika na printa. Getini alikuwa Mudrick, karani wa shirika, kijana makini aliyesoma kila neno kabla ya kumruhusu mtu.

“Jina?”

“Mwanahawa Halfani Abubakari.”

Naima alisikia jina, lakini mkono wake uliendelea kuvuta karatasi iliyonasa. Sauti ndiyo iliyomsimamisha.

“Umri, bibi?”

“Sabini na moja.”

“Hapa panasema sitini na mbili. Jicho gani?”

“La kulia.”

“Hapa panasema la kushoto.” Mudrick alirudia kusoma kwenye skrini. “Bibi, wewe siye huyu.”

“Mimi siye? Nimeitwa Mwanahawa Halfani Abubakari kabla baba yako hajazaliwa.”

Wakati huohuo Methusela alikuwa anapita na Bi Hilda, mratibu wa kambi, mama wa makamo mzaliwa wa Mvumi aliyekuwa amevaa raba kwa ajili ya kuzunguka. Methusela alisimama. Ungedhani ameletewa zawadi.

“Umeona, Bi Hilda? Hawa ndio wale wa kwenye ripoti. Anakuja na jina la mwenzake. Bila mfumo angepita.”

“Bibi, kaa pale nje,” alisema Mudrick, tena kwa adabu, “subiri basi la kurudi.”

Mwanamke yule hakusogea. Alisimama na kanga yake imefungwa kichwani vizuri, fimbo mkononi, uso ameuelekeza mahali ambapo hakuna mtu, maana hakuwaona. Hivyo ndivyo Naima alivyomkuta alipotoka. Shangazi yake, aliyemlea, aliyemfundisha kuhesabu, amesimama juani anaambiwa yeye si yeye.

“Shikamoo, shangazi.”

Uso ukageukia sauti. “Marahaba. Naima? Unafanya nini hapa?”

“Nafanya kazi hapa. Umekujaje? Si ulikataa?”

“Mdogo alinibembeleza. Alisema yeye atapasuliwa la kushoto na mimi la kulia, tukirudi tutakuwa na macho mawili mazima kati yetu.” Alikaribia kutabasamu, akajizuia kwa sababu ya wageni. “Tulijiandikisha siku moja. Mimi nikatangulia, yeye akanifuata, kama ilivyo. Jana mhudumu amekuja na orodha, amesoma Mwanahawa mmoja. Tukamwambia tuko wawili, akasema kwenye simu yake yuko mmoja. Mdogo akasema, dada, panda wewe, mimi siwezi kupanda gari wewe ukabaki. Ndiyo nimekuja. Sasa huyu kijana ananiambia mimi ni mwizi.”

Naima alielewa yote kwa mara moja, na alichoelewa kilimchoma. Mkubwa alitangulia, mdogo akafuata. Fomu ya kwanza ikaingia kwenye Map chini ya jina lile. Fomu ya pili ikaja chini ya jina lilelile, ikamtoa wa kwanza na kukaa mahali pake. Wa kwanza ndiye aliyefutwa. Na ilikuwa hivyo kwa wote thelathini na nane, kila aliyetangulia. Watu hawa waliolelewa kumpisha mkubwa mbele, walijipanga kwa heshima zao mbele ya mhudumu wa afya, na mfumo ukawafuta kina kaka na kina dada wakubwa kwa sababu walipishwa. Kisha mdogo, katika heshima ileile, akampa dada yake nafasi. Kama Mudrick angekuwa mvivu wa kusoma, shangazi yake angeingia chumba cha upasuaji na karatasi ya jicho la kushoto na lenzi ya mtu mwingine.

Hasira ya miaka ishirini na sita ilipanda, na safari hii Naima hakuimeza.

“Huyu si hewa!” alisema. “Huyu ni shangazi yangu. Ni yule niliyekuambia, ukacheka mpaka ukavua miwani.”

“Naima,” Methusela alisema kwa sauti ya chini, “tutazungumza ofisini.”

“Hatuzungumzi ofisini. Ofisini tulishazungumza. Mudrick, sanduku la fomu liko wapi?”

Mudrick alimtazama Bi Hilda. Bi Hilda akatikisa kichwa kukubali, na sanduku likaletwa. Naima alipekua mpaka akazipata zimefuatana, mia mbili na saba, mia mbili na nane. Akaziweka mezani, moja pembeni ya nyingine. Jina lilelile. Miaka sabini na moja, sitini na mbili. Kulia, kushoto. Madole mawili, moja jembamba limekatwa na kovu. Akamshika shangazi yake mkono wa kushoto, akaugeuza, akamwonyesha Bi Hilda kovu lile kwenye dole gumba.

“Mfumo wetu unakubali mtu mmoja kwa jina moja,” alisema. “Akija wa pili anamfuta wa kwanza. Hatukuondoa wagonjwa hewa. Tumefuta wagonjwa.”

“Ni makosa madogo ya data,” Methusela alianza.

Bi Hilda hakumsikiliza. Alikuwa ameshaanza kuchambua sanduku mwenyewe, akitafuta fomu za Mvumi. Alitoa mbili. “Daudi Yotham Malogo,” alisoma. “Na Daudi Yotham Malogo. Huyu wa kwanza nilimwandikisha kwa mkono wangu mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda chake, nimekunywa uji wake. Yuko kwenye mfumo?”

Mudrick alichapa jina. “Yupo mmoja. Wa miaka hamsini na nane.”

“Wangu ana themanini.” Aliweka fomu chini taratibu, na mtu anayemjua angejua kwamba utaratibu huo ni hasira. “Ndugu Methusela, mzee wangu wa Mvumi ni hewa? Nimepeleka ripoti hiyo juu. Nimesaini. Kuna wahudumu wawili wa afya wamesimamishwa kazi kwa ripoti hiyo.”

Hilo Naima hakulijua. Lilimwingia kama kofi.

Methusela alitafuta pa kutokea, akamwona aliye karibu. “Ripoti aliandika Naima,” alisema.

Kila mtu alimgeukia. Hata shangazi, ambaye hakuona kitu, aligeuza uso.

“Ndiyo, niliandika mimi,” Naima alisema. “Yeye aliniambia niandike, na mimi nilijua si kweli, nikaandika. Sasa nipeni nusu saa.”

Alikaa palepale getini, kompyuta juu ya sanduku la fomu. Akabadilisha ufunguo, wagonjwa wakakaa chini ya namba ya fomu. Kwa ajili ya kutafuta kwa jina akatengeneza Map ya pili, ambayo kila jina linabeba orodha ya wote wenye jina hilo. Hakuna ajabu yoyote. Ni vyombo vilevile vya siku zote, vimepangwa na mtu anayejua kwamba duniani kuna Mwanahawa wawili. Akapakia faili upya. Mia nne kumi na mbili. Akamwambia Mudrick achape jina la shangazi, na mistari miwili ikatokea, mmoja chini ya mwingine, na Mudrick akasoma yote miwili kwa sauti kisha akasema, “Bibi, nisamehe sana. Pita.”

Nusu saa kamili haikufika. Ilichukua dakika kumi na nane. Mwezi mzima wazee thelathini na wanane walikuwa wamefutwa kwa sababu ya dakika kumi na nane ambazo mtu mwerevu alizionea uchoyo, na kwa sababu binti mpole alinyamaza. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, na simung'unyi maneno kulisema.

Madaktari walikubali kuongeza saa mbili kila siku. Lenzi za akiba zilikuwepo. Lakini walikuwa na ndege Jumamosi jioni, na kambi nyingine isingekuja kabla ya miaka miwili. Aliyetaka kuona ilibidi awe amefika Jumamosi saa nne asubuhi. Bi Hilda aliwarudisha kazini wale wahudumu wawili kwa simu, akaomba radhi kila mmoja kwa jina lake, akawatuma vijijini na pikipiki. Methusela hakuonekana tena getini. Alhamisi aliwatumia watu wa shirika ujumbe kwamba mfumo umeboreshwa, na akamtumia Naima ujumbe mwingine kwamba mkataba wake hautaendelea. Naima alisoma, akaweka simu mfukoni, akaendelea kusaidia getini. Hakuna aliyemwambia aondoke.

Mwanahawa Mkubwa alipasuliwa Alhamisi hiyo. Mwanahawa Mdogo alifika jioni kwa basi, akataka kujua kwanza kama dada ameshapita, ndipo akakubali kuandikwa wa kesho.

Ijumaa asubuhi Naima alikaa kwenye kitanda cha shangazi yake wakati muuguzi akibandua bandeji. Shangazi alipepesa jicho, likatoa machozi, likatulia. Alitazama dirisha kwanza. Kisha mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha akamtazama Naima, muda mrefu, bila haraka, kama alivyokuwa akikagua mbegu.

“Umekonda,” alisema. “Na umenuna.”

“Sijanuna, shangazi.”

“Nakuona. Umemnunia nani? Yule mwenye kazi?”

“Yeye pia. Lakini zaidi nimejinunia mwenyewe.” Naima aliinamisha kichwa. “Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilimwambia mara moja, akanicheka, nikanyamaza. Halafu nikaandika kwamba nyinyi hampo.”

Alingoja aambiwe si kitu, mwanangu. Ndivyo watu wanavyosema, na angelia, na wangeyamaliza. Shangazi hakusema hivyo.

“Tulikuwa wangapi?”

“Thelathini na wanane.”

“Wamepatikana wangapi?”

“Ishirini na mmoja. Na wewe umo.”

Shangazi alihesabu kimya kimya, midomo ikicheza kidogo. “Bado kumi na saba.”

“Ndiyo. Wengine hawana simu. Wengine wako mashambani mbali.”

“Na mwisho ni kesho saa nne.”

“Ndiyo.”

“Sasa umekaa hapa unanitazama mimi kwa sababu gani?”

Naima aliinua kichwa. Shangazi alikuwa amemkazia jicho lile moja jipya, jekundu, na hapakuwa na huruma ndani yake, na Naima alijua kwamba hata yeye asingetaka iwepo. Alisimama. Akatoa mfukoni karatasi yenye majina kumi na saba, kila moja na namba yake nyekundu, kijiji chake na simu ya mhudumu wa huko, akatoka nje mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akaanza kupiga simu kuanzia jina la juu.